Pua Haijinusi

Wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho kunusa kwapa lako mwenyewe ilikuwa lini? Si la jirani kwenye foleni, si la shemeji aliyekuja kulala siku tatu akakaa mwezi. La kwako. Huna jibu. Basi utaelewana vizuri na bwana mmoja aliyesimamia chumba cha kufulia cha hospitali yenye vitanda mia tatu, maana naye hakuwa na jibu, na kunusa ndiyo ilikuwa kazi yake.

Walimwita Pua. Alilipenda jina hilo kama mtu apendavyo cheo, akiamini amepewa kwa sifa. Kwa miaka ishirini na miwili kila shuka lililotoka kwenye mashine, likakaushwa na kupigwa pasi, lilipita mezani kwake kabla ya kwenda wodini. Hakulitazama. Macho, alisema, hudanganywa na mwanga. Alilikumbatia kwa mikono miwili, akazamisha pua katikati, akavuta pumzi ndefu hadi mabega yakapanda, kisha akaishusha yote kwa mkupuo, humo humo ndani ya shuka. Likinuka damu, mkojo au sabuni isiyosuuzwa, lilitupwa sakafuni na aliyelifua akaitwa kwa kelele. Lisiponuka, lilikwenda kwenye rundo la safi.

Jambo moja hakulitia hesabuni. Bwana Pua alikuwa mtu wa ugoro. Alivuta asubuhi, alivuta baada ya chai, alivuta kila alipopandwa na hasira, na hasira ilimpanda kutwa nzima. Tundu la kushoto lilikuwa limeziba kwa tope la tumbaku, la kulia lilichuruzika. Kwa hiyo kila aliposhusha ile pumzi yake, shuka lililokwisha faulu mtihani lilipigwa muhuri: vidoa viwili vya kahawia, vibichi, vimekaa karibu karibu kama macho ya panya. Yeye akalikunja, vidoa vikabaki ndani, akalipangusa juu kwa kiganja na kuridhika.

Usigeuze uso. Mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo alilalia shuka hilo.

Wanawake sita waliofanya kazi pale walijua. Walijua tangu zamani, na walikuwa na lugha yao ya kulisema jambo hilo mashine zikinguruma.

"Leo amepiga mihuri mingapi?" aliuliza Bi Pasi, mama wa makamo aliyesimama kwenye pasi kubwa, mwenye ulimi uliokuwa moto kuliko hiyo pasi.

"Nimeona thelathini," alijibu Mama Pacha kutoka kwenye masinki.

"Posta wamepoteza mfanyakazi, shoga yangu."

Walicheka hadi machozi. Kisha waliyafua tena mashuka waliyoyaona mapema, na ambayo hawakuyaona yakaenda wodini. Ukiwauliza kwa nini hawakumwambia, wangekujibu kuwa ni heshima, ni mtu mzima, ni msimamizi. Heshima! Jina zuri kwa woga. Mgonjwa aliyelala juu ya kamasi za mtu mwingine sijui angeiitaje.

Huyo Mama Pacha alikuwa kibarua wa mwaka wa kumi na saba. Pacha wake walikwisha ota ndevu, jina likabaki. Ndiye aliyefua mashuka ya chumba cha upasuaji na ya wodi ya wazazi, yale yanayokuja yamekauka kama mbao, ambayo mtu mwingine angeyasogeza kwa fimbo. Aliyaloweka kwenye maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto huipika damu ikaganda katika uzi, kisha akayafikicha kwa mkono kabla hayajaingia mashineni. Dawa ya madoa ilikuwa imemla kucha. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe, laini, bila alama, hata kituo cha kuandikisha wapigakura kiliwahi kushindwa kupata alama ya dole gumba lake.

Na mtu huyu ndiye aliyemtia kinyaa Bwana Pua. Akipita karibu na meza, Pua alifunika kikombe chake cha chai kwa kisahani.

"Mama Pacha, leo hukuoga."

"Nimeoga, kaka. Hii ni damu ya sinki la pili."

"Uchafu hauanzi mwilini, dada yangu. Huanza kichwani." Kisha, baada ya kusema neno hilo la hekima, alipenga kamasi kwa vidole viwili, akafuta vidole kwenye pindo la taulo lililokuwa karibu. Lilikuwa taulo safi.

Hebu msikilize mtu yeyote akisema makosa, uone anavyoyapanga. Akichelewa yeye, atakwambia nimechelewa, mvua imenishika. Akichelewa mwenzake, huyo huchelewa. Yeye amesahau, mwenzake husahau. Yeye alikasirika siku moja kwa sababu maalumu, mwenzake hukasirika, kaumbwa hivyo, na pengine ni ukoo mzima. Bwana Pua alikuwa fundi wa kugawa namna hiyo. Taulo? Nimepitiwa. Kikohozi juu ya mashuka ya watoto? Leo nina mafua. Kila kosa lake lilikuwa tukio lenye tarehe na sababu. Makosa ya Mama Pacha yalikuwa tabia. Na hiyo "hu" ya mwanzo wa neno ina ubaya wake, kwa kuwa haimtaji mtu. Mimi huchafua, wewe huchafua, yeye huchafua, neno ni lile lile. Ukilirusha hujui litamwangukia nani.

Jumatatu moja Metroni, mkuu wa wauguzi, alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Kwapani alibana mashuka matatu. Akalitandaza moja juu ya meza ya Pua.

"Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Wodi ya wazazi. Kichanga cha saa mbili kimelazwa juu ya hili. Hii ni nini?"

Pua aliinama akaangalia vile vidoa viwili. Uso wake ulikunjamana kwa kinyaa cha kweli kabisa. Hakuwa anaigiza. Kile alichokiona kilimtia kichefuchefu.

"Huu ni uchafu, Metroni. Uchafu wa mtu."

"Wa nani?"

"Namfahamu. Niachie mimi."

"Sikuachii. Jaza hii." Akampa fomu. "Nataka iwe mezani kwangu kesho. Mtu anayetia haya madoa, Jumatano ndiyo siku yake ya mwisho humu ndani. Awe nani, awe na watoto wangapi, mimi simtaki."

Mlango ulipofungwa, Bi Pasi aliweka pasi chini. "Umesikia, shoga? Wewe ndiye unayefua ya wazazi."

Mama Pacha aliendelea kufikicha. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji na haikutoka.

"Sema basi! Tumwendee Metroni sote sita."

"Tukamwambie nini? Kwamba tunajua miaka yote hii?"

Bi Pasi akaichukua tena pasi yake.

Jumanne baada ya chai, Bwana Pua alivaa miwani, akavuta ugoro wa kutuliza mawazo na kuikabili fomu. Ilikuwa karatasi moja tu. Mstari wa kwanza ulisema: Jina la mtumishi. Akaandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, bila kusita.

Usimcheke kabla hujaelewa. Pale ndani kulikuwa na mtumishi mmoja tu, mwenye barua ya ajira na namba ya jalada, naye ni yeye. Wale wanawake walikuwa vibarua. Tangu aajiriwe, kila alipoona neno mtumishi kwenye karatasi alijua anaitwa yeye, na moyo wake ulijaa kidogo. Hakuwahi kufikiri kwamba kibarua naye anaweza kuwa mtumishi kwenye fomu. Mstari wa pili ulisema: Jina la msimamizi. Huyo pia alikuwa yeye. Akaandika tena, akaona fomu inampa heshima anayostahili.

Kisha akafika kwenye Kasoro za mtumishi. Sasa, alijisemea, tumsafishe huyu mama. Jina la kibarua hakuliandika. Metroni alijua nani anafua ya wazazi, na mkono wa Pua ulikuwa na karaha ya kuliandika. Aliandika kwa mwandiko wa kulala, wino mweusi, taratibu, akionja kila neno, na chini kabisa akatia sahihi pande zote mbili, upande wa mtumishi na wa msimamizi.

Jumatano saa sita mchana Metroni aliingia na ile karatasi. Mashine zilizimwa. Wanawake sita walijipanga ukutani, mikono ikidondosha maji. Mama Pacha alikuwa amekwisha vua aproni, akaikunja, akaishika kifuani. Ndani ya mfuko wa plastiki miguuni pake kulikuwa na kikombe chake na kandambili zake za kazini. Alikuwa amejifungasha kabla hajafukuzwa.

"Haya ni maandishi yako?" Metroni alimwuliza Pua.

"Yangu mwenyewe, kwa mkono wangu." Alisema kwa sauti, ili ukuta mzima usikie.

"Na huondoi hata neno?"

"Hata nukta. Yasome, wasikie."

Metroni akasoma. "Huchafua vitu vilivyokwisha safishwa na wenzake."

Pua akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hujiona msafi kuliko wote. Hukasirika akielekezwa. Husingizia wengine uchafu wake mwenyewe."

Kutoka kwenye foleni ya wanawake ilitoka sauti ndogo, kama ya mtu anayebanwa na kikohozi. Ilikuwa ya Bi Pasi.

"Hunuka," akasoma Metroni, "na hajijui kuwa hunuka. Wenzake humvumilia tu. Mtu wa namna hii ni hatari kwa wagonjwa, na napendekeza aondolewe." Akaikunja karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane uso wake ukalainika. "Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Nimesoma fomu nyingi. Sijapata kuona mtu amejaza jina lake hapa juu, akajisema namna hii. Nilidhani umekosea mstari. Nikasoma mpaka chini, nikaona hapana, hukukosea. Hongera, mzee. Ni ujasiri."

Tone moja la maji lilianguka kutoka vidoleni mwa mtu.

"Jina la nani?" akauliza Pua.

"Lako. Matatu yote."

Alinyang'anya karatasi, akasoma, akageuza nyuma kana kwamba jina jingine limejificha huko. Kisha akacheka kicheko kikavu. "Hapana, hapana. Nimepitiwa tu. Hii ni ya huyu hapa!" Akamwonyesha Mama Pacha kwa kidole. "Mnamjua! Semeni! Mimi nina madoa gani mimi?"

Ndipo Mama Pacha alipofanya jambo ambalo alipaswa kulifanya miaka kumi na saba iliyopita. Aliweka aproni chini. Akachukua shuka kutoka chini ya pasi, likiwa bado na joto, akalishika ncha mbili, Bi Pasi akashika ncha mbili nyingine, wakalitandaza mbele ya dirisha. Lilikuwa jeupe kabisa, hata uzi wa rangi haukuwamo.

"Metroni, unaona doa?"

"Sioni."

"Kaka, nusa."

"Msinifundishe kazi."

"Hatukufundishi, kaka. Nusa kama unavyonusa siku zote."

Na yule bwana, kwa kuwa alikuwa na hasira, alivuta ugoro kwanza. Mbele ya wote. Kisha akalikumbatia shuka, akazamisha pua, mabega yakapanda, pumzi ikashuka. Alipoinua kichwa, wanawake waliivuta nguo ikanyooka.

Vilikuwa viwili, vimelowa, na kimoja kilianza kuteremka na uzi.

Hapa ndipo mtu wa kawaida angenyamaza, au angelia, au angeomba ardhi ipasuke. Bwana Pua alikaza macho kwenye vidoa vile, akavikunjia uso kwa kinyaa kile kile cha Jumatatu, akasema, "Hivyo vilikuwepo."

"Mzee wangu," akasema Bi Pasi, na safari hii hakukuwa na dhihaka ndani yake, ndiyo maana ikauma zaidi, "hata ndevu zako zina ushahidi."

"Leo nina mafua," akasema Pua.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa na karaha ya kutosha, na sehemu ya karaha hiyo ilikuwa yao wenyewe. Metroni aliwatazama wote sita mmoja mmoja. "Na ninyi mlikuwa mnajua." Halikuwa swali. Mwanamke mmoja akaanza, "Sisi tulinyamaza kwa sababu..." Metroni akamkata. "Kila mtu ana 'kwa sababu' yake." Kisha akatoa amri: Mama Pacha avae aproni yake na kukaa kwenye ile meza, mashuka yakaguliwe kwa macho, dirishani. Mzee atoke. Kuanzia kesho atasukuma toroli la kukusanya nguo chafu wodini. Huko anuse apendavyo.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mkewe alikuwa sebuleni anabadilisha foronya za mito. Alimwambia yote, yaani alimwambia yake: jinsi walivyompangia njama, jinsi vibarua walivyo na roho mbaya, jinsi Metroni alivyo na chuki na wanaume. Mkewe alisikiliza bila kuacha kazi.

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nina mafua."

Mwanamke alisimama, foronya mkononi. "Baba watoto, foronya hii ni ya rangi gani?"

"Si ya kahawia? Zako zote si za kahawia? Siku zote nasema huna jicho la rangi."

"Na taulo? Na vitambaa vya makochi?"

Alitazama. Chumba kizima kilikuwa cha rangi ile: mito, makochi, pazia la mlangoni, kitambaa cha meza. Miaka ishirini na mitano alikuwa amekaa ndani ya rangi hiyo akiwaambia wageni kwamba mke wake, masikini, ni mtu mzuri lakini hajui kupamba.

"Unadhani naipenda?" akauliza mkewe. "Nilikuja hapa na mito myeupe. Minne. Mama yangu aliidarizi kwa mkono wake. Weupe wake ulidumu wiki mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Wiki ya pili. Ukasema una mafua."

Alikwenda uani, akasimama mbele ya kioo kidogo cha kunyolea kilichoning'inia msumarini, akainua kichwa akatazama matundu yake ya pua kama mtu anayechungulia nyumba ya watu. Alikaa hapo kitambo. Alinawa. Akapenga, akanawa tena. Aliporudi ndani alikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa, "Wangeniambia vizuri." Hata hapo, kosa lilikuwa bado la watu. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na mkewe, aliyezoea kuhesabu vitu vidogo, aliona kwamba alikula bila kuvuta ugoro kwanza.

Asubuhi iliyofuata alisukuma toroli hadi wodi ya wazazi. Hakuwa amekanyaga huko kwa miaka. Mashuka aliyajua moja moja kwa harufu, lakini wanaolala juu yake hakuwa akiwajua. Kwenye kitanda cha tatu kutoka mlangoni alikuwapo binti mmoja, hata miaka ishirini hana, aliyejifungua alfajiri. Mtoto alikuwa amelala kando. Muuguzi alikuwa ameinua ukingo wa shuka ili atandike vizuri, na hapo kwenye mkunjo vikatokea vidoa viwili vya kahawia vilivyokwisha kauka. Lilikuwa shuka lililotoka chumba cha kufulia kabla ya Jumatano.

"Hii nini tena?" muuguzi alisema. "Nimekutandikia sasa hivi. Hata saa haijapita!"

Binti alitazama vile vidoa, na damu ya aibu ikampanda usoni. Akajivuta kwa kiwiko, akiuma meno kwa maumivu ya mshono, akavifunika kwa kiganja.

"Nisamehe, sista. Sikujua. Nadhani ni mimi."

"Muwe mnaangalia basi."

Muuguzi akaenda kitanda kingine. Binti akatia kidole gumba mdomoni, akakilowesha, akaanza kufikicha doa, taratibu, asimwamshe mtoto. Aliona toroli limesimama, na mzee nyuma yake ameshika mpini kwa mikono miwili, hasogei.

"Baba, subiri kidogo usilichukue," alimwambia kwa sauti ya chini, "nilitoe kwanza. Wale kina mama wa kufua wasije wakaniona mchafu."

Akalowesha kidole tena, akaendelea kufikicha.